Gesi Katika Pijo ya Mzee Boga

Mdomo wa Mzee Boga ndio ulioitia Pijo, gari lake, hatarini, si kitu kingine, na hili tuliseme mapema asije akasingiziwa mtu. Mzee mzima wa miaka sabini na ushei, ametoka kuswali Ijumaa pale Mwabungo, udhu haujamkauka, anasimama mlangoni mwa msikiti na kumwambia kijana wa watu: “Siku ya magari ya zamani kule Msambweni tukutane, mimi na wewe. Ukinipita, Pijo yangu ichukue, ukapande humo maua, ukapande na mchicha ukitaka. Nikikupita mimi, neno la maua nisilisikie tena mpaka nazikwa.” Na watu walikuwepo. Imamu alikuwepo. Neno likishatolewa pale, mbele ya nyuso zile, halirudishwi. Atakayelirudisha bora ahame kijiji.

Kijana mwenyewe alikuwa Feisal, mwenye nyumba ya wageni Diani, na hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa ameipenda ile Pijo 504 nyeupe tangu utotoni, akaja kuiomba kwa adabu zote, na halua mkononi, na shikamoo mbili. Alitaka kuiweka langoni kwake iwe pambo: injini itolewe, boneti ijazwe udongo, bogonvilia zimiminike mpaka chini. Kosa lake lilikuwa sentensi moja tu. “Mzee,” alisema, “gari limeshachoka, tulipe heshima yake ya mwisho.”

Heshima ya mwisho! Kana kwamba wamesimama kwenye jeneza! Pijo ile Mzee Boga aliiendesha teksi kutoka Likoni hadi Vanga tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Ilibeba maharusi wa vijiji vyote vya njia ile, ikabeba wagonjwa, na Hasina, bintiye wa pekee, alizaliwa kiti cha nyuma kabla hawajafika hospitali. Mtu akikwambia gari la namna hiyo lijazwe udongo, na wewe una damu mwilini, utanyamaza? Mzee Boga hakunyamaza.

Habari zilimfikia Hasina akiwa chini ya lori, kwenye gereji yake Ukunda. Alikuwa fundi wa magari, mwenye gereji na jina lake, na mwenzake wa kazi alikuwa Elphas, kijana wa Kakamega aliyeteremka pwani zamani na kuoa huku huku, lakini ulimi wake haukuteremka naye.

“Hasina,” alisema Elphas akichungulia chini ya lori, “mzae amebeti ndai yake, ile Pijo. Mbele ya mosque. Yaani mzae hana fom ya kurudi nyuma.”

Jioni Hasina alikwenda Mwabungo kuhakikisha. “Baba, hii si kamari?”

“Kamari ni ya pesa,” alijibu Mzee Boga. “Hii ni ahadi.”

“Hmm,” alisema mamake, Bi Twaiba.

Hasina alitoka nje akaizunguka Pijo. Ilikuwa bado nzuri. Milango ilifunga kwa sauti moja, viti vilikuwa vile vile. Lakini Mercedes ya Feisal, ingawa nayo ilikuwa ya zamani, ilikuwa na silinda sita na imefanyiwa kazi Nairobi. Silinda nne za teksi mstaafu zingeipita vipi kwenye kilomita moja iliyonyooka? Haziipiti. Hata kwa dua. Alisimama pale akimwonea babake huruma, halafu huruma ikageuka hasira, na hasira ikageuka kitu kigumu kilichokaa kifuani. Gari hili halipandwi maua, alijiambia. Wallahi halipandwi.

Wazo la gesi alilileta Elphas. Kulikuwa na mtu Mombasa aliyeacha mbio za magari, na kwenye stoo yake mlikuwa na mtungi wa naitrasi na mipira yake yote. Hasina alifikiri usiku kucha na asubuhi akaanza kwa kumpigia simu Feisal, maana hakutaka ushindi wa kujificha. “Tutatia gesi,” alimwambia. “Kanuni za siku ile zinaruhusu, mradi mkaguzi aikague. Lakini wewe ujue kwanza.”

Feisal alicheka. “Dada Hasina, tieni hata mabawa.”

“Haya. Umesema.”

Sasa gesi hii, wasioijua huidhania inawaka yenyewe kama ya kupikia. Haiwaki. Kazi yake ni kuiletea injini pumzi ya ziada, na pumzi ile ikija pamoja na petroli ya ziada, injini huvuta kwa nguvu ambayo haikuzaliwa nayo. Petroli ikipungua kidogo tu, moto unakuwa mkali kupita kiasi na pistoni hutoboka. Kwa hiyo uzuri wa gesi na ubaya wake vimekaa nyumba moja, na fundi ndiye mwenye ufunguo. Hasina alilijua hilo. Elphas alilijua pia, lakini Elphas alikuwa na haraka.

Siku ya kwanza tu Hasina alimkuta ameulaza mtungi juani, kwenye saruji, mchana wa Ukunda ambao hata kuku hutafuta kivuli.

“Elphas! Unataka kutuua?”

“Si umefungwa?”

“Umefungwa na unachemka! Presha inapanda humo ndani wewe umesimama unakunywa soda. Uondoe!”

Waliuondoa, wakaulaza kivulini, wakaufunika gunia la maji. Elphas aliomba radhi kwa namna yake, yaani alinuna.

Kabla ya kufunga hata skrubu moja ya gesi, Hasina alitaka kuijua injini yenyewe. Aliiendesha Pijo mpaka Galu na kurudi, injini ikapata moto vizuri, akazima, akachomoa plagi zote nne na kuzipanga juu ya kitambaa. Tatu zilikuwa na rangi ya biskuti, rangi anayoitaka kila fundi. Ya nne, ya silinda ya nyuma kabisa, ilikuwa nyeupe pe, na kwenye weupe ule mlikuwa na vidoa vidogo vinavyong’aa. Vidoa vile ni vya pistoni yenyewe, inaliwa na moto. Silinda ile ilikuwa inaungua peke yake, huku geji ya joto pale mbele ikisema kila kitu ni salama.

“Tupunguze gesi,” alisema Elphas. “Tuweke ile jeti ndogo kabisa. Ni kilomita moja tu, Hasina. Itashika.”

“Na isiposhika?”

“Itashika bana.”

“Atakayekaa nyuma ya injini hii ni babangu,” alisema Hasina. “Hakuna ‘itashika’ hapa. Lete winchi.”

Walifungua injini. Kwenye Pijo zile silinda hukaa ndani ya maji moja kwa moja, kama vikombe ndani ya beseni, na ukizichomoa unaona mpaka chini. Hasina alizichomoa, akamulika kwa tochi. Elphas naye akachungulia. Kuizunguka silinda ya nyuma kulikuwa na jiwe. Jiwe jeupe, gumu, limejaza njia yote ya maji kiasi kwamba bisibisi haikupenya. Mbele maji yalipita kidogo. Nyuma hayakupita kabisa.

“Hii imetoka wapi?” aliuliza Elphas.

Hasina alijua imetoka wapi, na alitamani asingejua. Kila Ijumaa, maisha yake yote, alimwona babake akitoka msikitini na jerikeni ya maji ya kisima cha pale pale uani. Maji yale alikuwa akiitia Pijo kwenye rejeta, taratibu, huku akisoma bismillahi. Gari la teksi linataka baraka, alikuwa akisema, na baraka iko hapa. Kijiji kizima kilimjua kwa hilo. Maharusi walitaka kubebwa na Pijo kwa sababu ilikunywa maji ya msikiti. Lakini chini ya Mwabungo nzima ni mwamba wa matumbawe, na maji yanayotoka humo yana chumvi na chokaa. Yatie kwenye chuma cha moto wiki baada ya wiki na hesabu yake ndiyo ile.

Elphas alimtazama. “Usimwambie,” alisema polepole, na safari hii hakuwa na mzaha. “Tunasafisha, tunafunga, hajui. Mzee wa watu, ya nini?”

Hasina hakupata nafasi ya kujibu, maana siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Mzee Boga aliingia gerejini na kanzu yake na kofia yake, jerikeni mkononi, amekuja kulinywesha gari lake.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba.” Alitazama injini iliyotapanywa mezani. “Mmeichinja?”

“Tumeifungua tu. Tutaifunga.” Hasina aliona jerikeni ikitua chini, akaona babake anatafuta kifuniko cha rejeta kwa mazoea, na akajua kwamba akinyamaza leo atanyamaza siku zote. “Baba, maji hayo usiyatie tena.”

“Maji gani?”

“Ya msikiti.”

Alimwonyesha. Alimpa kipande cha jiwe mkononi, akamweleza njia yake yote tangu kisimani mpaka kwenye pistoni. Alieleza vizuri, kwa upole, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mzee ulivyokuwa ukifunga.

“Kisima kile,” alisema Mzee Boga, “alikichimba babu yangu kwa mikono yake, kwa ajili ya Mungu. Watu wanatawadha pale tangu sijazaliwa. Leo wewe, niliyekusomesha kwa gari hili hili, unaniambia maji ya babu yangu ni sumu?”

“Sikusema sumu. Watu wanatawadha, Baba, hawayachemshi ndani ya chuma kila uchao. Hebu angalia birika la Mama, ule ukoko wa ndani…”

“Usinitajie birika!”

“Nakutajia!” Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. “Nakutajia kwa sababu nikinyamaza utakuja asubuhi ya mashindano uyatie tena. Mimi nakufungia gesi, na wewe ndiye utakayekaa mbele yake. Nikasirikie, Baba. Nikasirikie mpaka uchoke, lakini uwe mzima.”

Mzee Boga aliokota jerikeni yake na kutoka. Maji yalimwagikia kanzu na hakujali. Hasina alikwenda nyuma ya lori akalia, kilio cha kweli, cha kuumia, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyempenda kuliko yule mzee na sasa amemvunjia heshima mbele ya mtu. Akamaliza. Akanawa uso kwa maji ya bomba. Akarudi kwenye injini.

Tangu siku ile Mzee Boga hakusema na bintiye. Hasina alikuwa akifika Mwabungo kula nao kama kawaida, na mambo yalipitia kwa Bi Twaiba ingawa wote watatu walikaa mkeka mmoja.

“Mwambie fundi wenu chumvi imezidi kwenye mchuzi.”

“Fundi hakuupika mchuzi,” alisema Bi Twaiba. “Nimeupika mimi. Na kama chumvi imezidi labda ni ya kisimani.”

Hasina aliinama, kicheko kikamkaba. Mzee Boga aliosha mikono akaondoka bila kumaliza wali. Mambo hayo usiyacheke sana. Nyumba iliyonuna haina raha, hata pilau haina ladha.

Lakini kazi ilikwenda. Jiwe lile walilikwangua kwa mkono, njia moja baada ya nyingine, kwa nyundo ndogo na vyuma vyembamba, halafu wakaosha kwa dawa, wakakwangua tena. Hasina alitia kidole chake kila mahali kidole kilipoweza kuingia, na pasipoingia alitia waya. Pistoni ya nyuma ilibadilishwa. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, iliyoliwa na chumvi ilipelekwa Mombasa ikachongwa upya. Rejeta ilitiwa maji safi yaliyochujwa na dawa yake ya kuzuia kutu.

Ndipo gesi ikafuata. Mtungi aliufunga kwenye buti kwa mikanda miwili ya chuma, na kutoka kwenye vali yake ya usalama akapitisha bomba mpaka nje chini ya gari, ili presha ikizidi ipumulie barabarani, si shingoni mwa babake. Chini ya kabureta aliweka bamba linalopuliza gesi na petroli kwa pamoja. Petroli ikikosa presha, gesi nayo hukatika yenyewe. Plagi alitia za baridi zaidi. Taimingi, wakati wa cheche kuruka, aliirudisha nyuma kidogo. Jeti alichagua ndogo, ya nguvu za kutosha kuipita Mercedes, si za kujionyesha. Na swichi ya mwisho, iliyo muhimu kuliko zote, aliifunga chini kabisa ya pedeli ya mafuta: gesi isifunguke mpaka mguu umegusa sakafu.

Wiki ya majaribio waliipeleka Pijo Msambweni, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege ambacho siku hizi hakishukiwi na ndege. Hasina aliiendesha kwanza yeye. Gia ya tatu, mguu chini, na gari likamsukuma mgongo kama mtu amelipiga teke. Alirudi akachomoa plagi: zote nne rangi ya biskuti, hakuna kidoa. Elphas aliruka juu akimwita Mungu kwa Kiluhya. Mzee Boga alikuwa amesimama pembeni na mikono kifuani, ameona yote.

Kisha ikawa zamu yake, na hapo ndipo mkosi ulipojitokeza. Mguu wake ulifika nusu ya pedeli ukasimama. Alirudia, ukasimama pale pale. Mtu huyu alikuwa ameendesha teksi maisha yake yote akiihurumia injini na kuihurumia petroli, na mguu wake haukuwahi, hata siku moja, kugusa sakafu ya gari lile. Haukujua njia. Gesi ikabaki mtungini.

“Baba, kanyaga mpaka chini,” alisema Hasina, aliyekaa kiti cha pembeni.

Mzee Boga aligeuka kumtazama Elphas dirishani. “Mwambie huyu gari halikanyagwi hivyo. Gari ni la kuongozwa.”

Walipomwacha nyumbani, Elphas alisema lililokuwa likimwasha. “Si tuhamishe swichi. Tuweke batani kwa mkono wako. Mzae akifika nusu, wewe bonyeza, tumemaliza.”

“Kwenye nusu hewa inapita polepole. Gesi na petroli zinatuama mle ndani, halafu zinawaka kwa mkupuo mmoja. Umewahi kuona boneti ikipasua kioo?”

“Nimesikia.”

“Basi swichi haihami.”

“Basi tumeshindwa, Hasina. Kubali tu. Yeye ndiye lazima aendeshe, na mguu wake haufiki.”

“Tukishindwa tutashindwa,” alisema Hasina. “Na Baba atarudi nyumbani na macho yake mawili.” Alilisema kwa meno yaliyokazana, maana moyoni aliiona Pijo langoni kwa Feisal, udongo mpaka kwenye vioo, na lilimchoma. Lakini swichi hakuihamisha.

Siku yenyewe Msambweni ilijaa. Watu walikuja na miavuli na watoto na mabeseni ya viazi vya karai. Mkaguzi alifungua buti, akautikisa mtungi usitikisike, akalifuata lile bomba mpaka nje kwa kidole, akaona na mtungi wa kuzimia moto karibu na kiti, akatia sahihi. Feisal alikuja kusalimia.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Umekuja na udongo wako?”

Watu walicheka. Mzee Boga hakucheka. Aliingia garini, akavua kofia yake akaiweka kwenye dashibodi, akavaa helmeti waliyompa, ikamkaa vibaya juu ya masikio. Hasina aliingia upande wa pili, akafunga mkanda, akaweka kidole kwenye swichi kubwa ya gesi, ile ya kuruhusu na kuzuia, na akaapa hatapiga kelele. Amesema vya kutosha. Mtu hasukumwi mguu kwa maneno.

Bendera ilishuka. Mercedes ilichomoka kwa zile silinda zake sita na kuwaacha kwenye moshi. Mzee Boga aliingiza gia ya pili vizuri sana, bila kugwaruza, kama anavyoingiza dereva aliyebeba bibi harusi, na Mercedes ikazidi kwenda mbele. Gia ya tatu. Hasina aliwasha swichi yake. Mguu wa babake ulishuka mpaka nusu, ukasimama.

Mercedes ilikuwa mbele kwa urefu wa magari mawili. Ikawa matatu. Hasina aliuma mdomo mpaka akaonja damu. Alitazama geji ya joto kwa sababu hakuweza kuutazama ule mguu.

“Hasina,” alisema Mzee Boga.

Lilikuwa jina lake, limetoka kinywani mwa babake, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu. Alidhani amesikia vibaya.

“Labeka, Baba.”

“Lile jiwe.” Macho ya mzee yalikuwa barabarani. “Lilitoka lote?”

“Lote, Baba.”

“Hata kule nyuma?”

“Nyuma nilitia kidole changu mwenyewe. Hakuna kitu. Wallahi.”

Mzee Boga alivuta pumzi, akasema bismillahi kwa sauti, na mguu ukashuka. Ulishuka taratibu, mpaka ukagusa sakafu ya Pijo kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mlio ulibadilika. Hasina alisukumwa kwenye kiti, kofia ya kushonwa iliyokuwa kwenye dashibodi ikaruka mpaka nyuma, na taa za Mercedes zikaanza kurudi kwao. Zikarudi. Ukaja mlango wa nyuma, ukaja mlango wa mbele, akauona uso wa Feisal dirishani, mdomo wazi, halafu hakuuona tena. Sindano ya joto haikusogea. Hakukuwa na mlio wa kugonga, hakukuwa na harufu, silinda ya nyuma ilivuta sawa na wenzake. Hasina alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja na hakujua lipi limeanza. Mwenye bendera ya kumalizia alipita upande wao kama kivuli, ameinyoosha kwenye Pijo, na nyuma watu wakapasuka kwa kelele.

“Baba! Tumeshinda! Tumeshapita, inua mguu!”

“Nimesikia, mwanangu,” alisema Mzee Boga, amekaza macho mbele, helmeti imemwangukia nyusi, na mguu haukuinuka hata kidogo.

“Baba, kiwanja kinaisha!”

“Nakiona.”

Hasina akazima swichi ya gesi kwa mkono wake mwenyewe. Pijo ikatulia, mlio ukarudi kuwa wa kawaida, na mzee akamgeukia kwa ghadhabu ya kweli.

“Ala! Sasa mbona umenizimia?”